Dira iliyocheza na swichi: kisa cha boti moja ya uvuvi Lamu

Kisa hiki nimekishika kwa mikono yangu mwenyewe, na makosa mengine humu ni yangu, kwa hiyo sitoi lawama kwa mtu. Majina nimeyaondoa, jina la boti nimeliondoa, na pahali hasa walipokuwa wakivua sitapataja maana nahodha aliniapisha, na si kwa aibu, ni kwa sababu ya samaki. Mimi ni fundi umeme, natengeneza boti na nyumba, na sumaku niliisoma shule nikadhani nishaijua.

Boti ilivyokuwa

Boti ya faiba, futi 26, injini moja ya nje, betri ya volti 12 imekaa nyuma kwenye tezi, dira ya maji imefungwa juu ya dashibodi mbele ya usukani. Nahodha ana miaka mingi baharini, na yumo mzee mmoja wa jamaa zake ambaye hashiki usukani tena lakini hakosi safari, halafu mabaharia wawili na kijana wa miaka 14 hivi, mtoto wa dada yake nahodha, anayekwenda nao shule zikifungwa.

Ilikuwa Disemba, kaskazi imeshaanza kukaza. Mpwa mwingine wa nahodha, kijana wa mjini anayejua mambo, akaamua kuipendezesha boti. Akachonga dashibodi mpya, akatia spika mbili, akabandika kile kishikio cha simu cha sumaku kama cha kwenye gari, na mbele kwenye omo akafunga taa kubwa ya LED, wati 60, ili watu wachambue nyavu usiku bila kushika tochi mdomoni. Kazi safi kwa macho. Waya zimefichwa, hakuna hata mmoja unaoning'inia, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo lakini wakati ule hakuna aliyejua.

Dira haikuguswa. Mpwa wake alisema hivyo na ni kweli, hakuigusa hata kidogo, ilibaki palepale ilipokuwa, vitu vingine ndivyo vilivyoifuata.

Usiku wa kwanza

Walikwenda mchana kwa macho, wanaona ardhi, dira hakuna aliyeitazama. Usiku wakatia nanga wakavua, kama maili 6 kusini ya mlango wa Shela, ile njia ya maji kati ya kijiji cha Shela na kisiwa cha Manda, taa kubwa inawaka muda wote. Ilipofika isha mzee akataka kuswali akauliza kibla. Kwetu Lamu kibla ni karibu kaskazini kabisa, wazee wengine kaskazini yenyewe wanaiita kibla, kwa hiyo kijana akatazama dira akanyoosha mkono, "Huku babu." Mzee akatazama mbinguni. Nyota tatu zilizopangana mstari, zile ambazo Disemba zinachomoza jioni, zinatoka mashariki sawasawa na huku kwetu karibu na ikweta zinapanda wima hazipindi, akazipima kwa bega lake akasema, "Hiyo dira yako imelewa," akageukia kwake akaswali. Wakacheka. Wakasema mzee macho yamechoka.

Saa 2 na nusu wakang'oa nanga. Nahodha akaelekeza kaskazini kwa dira, ndiyo njia yake ya siku zote kutoka pale, ukifuata kaskazini unaingia mlango kati ya Shela na Manda bila shida. Simu ilikuwa imekwisha chaji kwa sababu ya muziki. Taa ya mbele bado inawaka maana mabaharia wanachambua nyavu, na taa kama ile ikiwaka mbele yako wewe mwenyewe huoni kitu, bahari yote inakuwa ukuta mweusi.

Wakakata masafa yao kwa dira. Kisha mzee ndiye aliyesikia kwanza, mawimbi yanapasuka, na yanapasuka karibu. Akapiga kelele, "Zima taa! Zima hiyo taa!" Taa ikazimwa, macho yakazoea giza, wakaona povu jeupe mbele yao na mwanga wa Shela uko mbali kabisa upande wa kushoto ambapo haukutakiwa kuwa. Walikuwa wameingia upande wa bahari kuu wa Manda, kama maili 2 mashariki ya pale walipotaka. Wakarudi nyuma kwa haraka, rafadha ikagonga jiwe ikapinda jino moja, wakajikokota mpaka nyumbani. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi.

Sasa shika neno hili. Taa ilipozimwa yule kijana alisema, "Mjomba, dira imeruka." Nahodha alikuwa ameshika usukani anapindua boti, akamwambia, "Boti inageuka, lazima dira igeuke," mambo yakaishia hapo.

Nilichoamua, na kwa nini

Asubuhi wakaniita. Nikapanda, nikatazama dashibodi, nikacheka kidogo kwa sababu jibu niliona liko usoni. Spika iko sentimita 25 kutoka kwenye dira. Ndani ya kila spika, nyuma kule, kuna pete nene nyeusi ya sumaku, ile ya kudumu, na katikati yake kuna koili ndogo ya waya iliyogundishwa kwenye ile karatasi ya spika. Muziki ukipita kwenye koili kama umeme, koili nayo inakuwa sumaku inayobadilika mara nyingi kwa sekunde, inavutwa na kusukumwa na ile pete, karatasi inatikisika, unasikia taarab. Yaani spika moja ina sumaku za aina zote mbili, ya kudumu na ya umeme. Na kishikio cha simu ndani yake kuna sumaku ya neodimiamu, ndogo kama kifungo cha shati lakini ina nguvu ya ajabu.

Nikamwambia nahodha, "Ami, hizi ndizo." Akauliza, "Na yale maneno ya mtoto?" maana kijana alikuwa ameshamrudia tena asubuhi kwamba dira iliruka taa ilipozimwa. Nikasema boti ilikuwa inageuka. Nikasema vilevile kama alivyosema yeye, tena kwa sauti ya fundi, na sauti ya fundi huwa inafunga mjadala.

Nikaziondoa spika zote nikazipeleka nyuma, kishikio nikakitupa kwenye kisanduku. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Sumaku ndogo nguvu yake inapungua haraka sana ukiisogeza, ukiongeza umbali mara 2 nguvu inabaki sehemu 1 kati ya 8, kwa hiyo kuipeleka spika kutoka sentimita 25 hadi mita 2 ni sawa na kuiondoa botini.

Kisha nikajaribu, na hapa nataka nieleze vizuri maana watu wengi wangefanya kama mimi. Boti imefungwa gatini, omo inatazama mji, yaani magharibi au karibu na magharibi. Nikasoma dira, iko sawa. Nikasema isije ikawa maneno ya mtoto ni kweli, nikawasha taa kubwa. Dira ikatikisika kiduchu, digrii 3 au 4, na wakati uleule boti ya abiria inapita ya kwenda Mokowe, mawimbi yake yanatupiga. Nikasema ni mawimbi. Nikazima, nikapokea pesa yangu, nikaenda kula.

Usiku wa pili

Siku 4 baadaye, safari hii simu imejaa chaji na wameiweka ramani. Wanarudi kutoka palepale, taa inawaka, nahodha anafuata kaskazini ya dira, na simu inamwambia unakwenda mashariki mno. Akaona ajabu. Akamwambia kijana azime taa. Dira ikaruka. Washa. Ikaruka tena. Zima. Ikarudi.

Akanipigia simu saa 4 usiku, mimi nimelala. "Fundi, dira yangu inacheza na swichi." Sina la kujibu. Nikamwambia taa izimwe, njooni kwa simu, asubuhi nitakuja na sitaki pesa.

Asubuhi ya kuzungusha boti

Tukachagua siku ya maji mafu ili mkondo wa bahari usituchanganye, tukatoka mpaka pahali penye nafasi. Kazi ilikuwa hivi: nahodha anapeleka boti moja kwa moja upande fulani, kijana anakaa nyuma kabisa na simu anasoma mwelekeo wa kwenda kwa GPS (si ile dira ya ndani ya simu, hiyo nayo inahisi sumaku na inadanganyika vilevile), mimi nasoma dira taa imezimwa, halafu taa imewaka, naandika. Kisha tunageuka upande mwingine.

Taa imezimwa, pande zote dira ilikuwa nzuri, tofauti digrii 2 au 3. Taa ikiwaka hadithi ikawa nyingine. Tukielekea kaskazini ilikosea digrii 18. Kaskazini mashariki 17. Mashariki karibu sifuri, lakini sindano ikawa nzito, inazubaa kama mtu aliyeamshwa daku. Kusini digrii 18 tena lakini kwa upande wa pili. Magharibi? Sifuri. Na ukitoka magharibi kidogo kuelekea kaskazini, kama omo inavyokaa pale gatini, unapata digrii 3 au 4 tu.

Nilipoona hiyo sifuri ya magharibi nikakaa kitako. Gati ile nimejaribia dira za watu sijui ngapi.

Nikafungua dashibodi. Waya mwekundu wa taa unatoka betri kule tezini, unapita katikati ya boti, unapita chini kabisa ya dira, sentimita 10, unakwenda zake omo. Waya mweusi haukupita naye. Mpwa wa nahodha alikuta upande wa kulia wa boti kuna waya mweusi wa zamani uliokwisha kufungwa akaona kwa nini aharibu waya mpya, akaunganisha huko, zaidi ya mita 1 kutoka kwa mwenzake. Mtu akitaka kubana waya angefanya hivyohivyo, na taa inawaka vizuri kabisa, taa haijali waya umepita wapi.

Kwa nini waya unakuwa sumaku

Umeme ukipita kwenye waya, kuuzunguka waya wote kunakuwa na uga wa sumaku, yaani eneo inapofika nguvu ya sumaku, kama pete zilizovishwa kwenye fimbo. Shika waya kwa mkono wa kulia, kidole gumba kielekee umeme unakokwenda, vidole vingine vinne ndivyo uga unavyozunguka. Hans Christian Ørsted, mwalimu wa chuo huko Denmark, ndiye aliyelitangaza jambo hili mwaka 1820, na aliliona vilevile kama alivyoliona kijana wetu: waya uko karibu na dira, umeme ukapita, sindano ikageuka. Kabla ya hapo watu wengi walidhani umeme na sumaku ni vitu viwili visivyojuana.

Na dunia yenyewe ni sumaku, hilo Mwingereza William Gilbert alishalisema mwaka 1600. Ncha inayotafuta kaskazini kwenye sindano ya dira inavutwa huko kwa sababu ncha zisizofanana huvutana, zinazofanana husukumana. Lakini sumaku ya dunia ni dhaifu mno, hapa pwani yetu ile sehemu inayolala sawa na bahari, ambayo ndiyo inayogeuza sindano, ni kama maikrotesla 30 tu (maikrotesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Sumaku ya kubandika kwenye friji ukiigusa inazidi hiyo mara nyingi sana. Kwa hiyo dira ni kitu kinachosikiliza mnong'ono, na sisi tumeweka kelele chini ya sikio lake.

Hesabu yake si ngumu. Kwa waya mmoja ulionyooka, chukua ampea, zidisha kwa 20, gawanya kwa umbali wa sentimita, unapata maikrotesla. Taa ya wati 60 kwa volti 12 inakula ampea 5, nikapima kwa klampu mita, kile kipimo kinachobana waya kwa nje, nikapata hizohizo (iwe ile inayosoma DC, umeme wa betri, za bei rahisi nyingi zinasoma AC, umeme wa nyumbani, peke yake, na yenyewe ukiifikiria inapima ule uga unaouzunguka waya, haigusi umeme kabisa). Basi 5 mara 20 ni 100, gawanya kwa sentimita 10 ni maikrotesla 10. Dunia inavuta 30 kwenda kaskazini, waya unavuta 10 kwenda ubavuni, sindano inakaa katikati yao, na ukichora kwenye karatasi utaona pembe ni digrii 18. Nilipochora nikamuonyesha nahodha, akatazama karatasi, akatazama daftari letu la asubuhi, akasema, "Kumbe ilikuwa inasema kweli, ila kweli ya watu wawili."

Mambo ya magharibi na mashariki yanatoka hapohapo. Waya umelala kutoka tezi hadi omo, uga wake juu unakata boti kwa ubavu. Boti ikielekea kaskazini, ubavu ni mashariki na magharibi, kwa hiyo uga unaisukuma sindano ipinde. Boti ikielekea magharibi, ubavu ndio kaskazini na kusini, uga wa waya unaangukia juu ya mstari uleule wa dunia, unaiongezea nguvu tu, sindano haina pa kupinda. Ikielekea mashariki unaipunguzia, ndiyo maana ilizubaa.

Mtu ataniuliza mbona nyumbani waya zimejaa ukutani na dira haihangaiki. Umeme wa nyumbani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, sindano haiwahi kuufuata, halafu waya zake mbili zinakwenda pamoja.

Msumari na pini za mtandio

Yule kijana siku ya pili akaja kwenye kibanda changu. "Ami fundi, nataka kuona." Nikaona nina deni lake. Nikachukua msumari wa inchi 4, na waya wa shaba nilioutoa kwenye motor ya feni iliyoungua, ule wenye vanishi. Nikamwambia zungusha mara 30. Tukafunga ncha zake (vanishi ya nchani lazima uikwangue, wengi wanasahau hapo wanasema haifanyi kazi) kwenye betri kubwa ya tochi. Dada yake alikuwa amempa pini za mtandio kwenye kijikopo. Msumari ukaokota 4. Tukaongeza mizunguko ikafika 90, ukaokota kishungi kizima, zimening'inia moja kwa nyingine. Tukaachia waya, zikaanguka chrrr kwenye meza, zikabaki 2 zimeng'ang'ania.

Akauliza maswali mazuri kuliko yangu ya shule. Kwanza, kwa nini kuzungusha? Kwa sababu kila mzunguko unaongeza pete zake juu ya za mwenzake, nguvu inafuata ampea mara idadi ya mizunguko. Mbona betri na waya vinapata moto? Kwa sababu waya ni mfupi, hauna ukinzani wa maana, betri inamwaga umeme wote iliyonao, usiache zaidi ya sekunde chache. Na bila vanishi je? Umeme hautazunguka, utaruka kutoka mzunguko hadi mzunguko kwa njia ya mkato. William Sturgeon, Mwingereza aliyetengeneza sumaku-umeme ya kwanza mwaka 1825, alitumia waya mtupu akapaka vanishi chuma chenyewe, ikambidi aache nafasi kati ya mizunguko, ikawa michache. Joseph Henry wa Marekani ndiye aliyeuvisha waya hariri, akabana mizunguko mingi, sumaku zake zikainua mizigo ambayo ile ya kwanza isingeiota.

Swali la mwisho ndilo lililonipendeza. Msumari una kazi gani, si waya tu ungetosha? Nikamwambia fikiria uani mwa msikiti kabla ya kukimiwa. Watu wamejaa, lakini huyu anatazama kule, yule anavua viatu, nguvu ipo lakini kila mtu na upande wake. Ndani ya chuma ndivyo kulivyo, kuna visehemu vidogo mno na kila kimoja ni sumaku kinaelekea kwake, vinafutana. Umeme ukipita kwenye koili ndiyo iqama, wote wanageuka upande mmoja wanapanga safu, na nguvu yao inazidi ya koili yenyewe mara nyingi. Umeme ukikatika, imamu ametoa salamu. Chuma laini ni kama watu wenye haraka, wanatawanyika hapohapo. Chuma kigumu cha pua ni kama wale wanaobaki na uradi, safu haivunjiki, ndiyo sumaku ya kudumu. "Na zile pini 2?" Nikamwambia msumari wetu una wenye haraka wengi, na wachache wa uradi.

Akacheka. Akaenda kumsimulia mzee, na mzee nasikia alisema huo ndio mfano wa kwanza wa fundi alioufahamu.

Matengenezo

Waya wa taa niliung'oa wote. Nikatia mwekundu na mweusi pamoja, nikaisokota kama kamba toka betri hadi taa. Umeme unaokwenda na unaorudi ni uleule, mmoja mbele mmoja nyuma, uga wao unaelekea kinyume, ukiwasokota pamoja wanafutana karibu wote. Halafu nikaipitisha ubavuni mbali na dira, kwa usalama zaidi. Skrubu mbili za chuma zilizoshika kibao cha dira nikazitoa nikatia za shaba. Mzee akasema zamani kwenye majahazi nahodha alikuwa haachi mtu akae na kisu karibu na dira, sisi tukaona ni ukali tu.

Tukatoka tena baharini tukazunguka pande 8, taa imezimwa na taa imewaka. Sindano haikucheza na swichi. Zimebaki zile digrii 2 au 3 kwenye pande fulani, nadhani ni injini na vyuma vyake, sikuzihangaikia, nikaandika tofauti ya kila upande kwenye kipande cha tepu kikabandikwa ndani ya mlango wa dashibodi.

Kilichofanya kazi na kilichoharibika

Kilichowaokoa usiku ule ni masikio ya mzee na kuzima taa, si dira wala fundi. Na alama ya kwanza ilikuja mapema zaidi, wakati wa isha, walikuwa na vipimo viwili vinavyobishana, nyota na dira, wakachagua dira kwa sababu ina tarakimu. Nyota haina waya chini yake.

Kosa langu kubwa si kulaumu spika. Spika nayo ilikuwa na makosa yake, nina hakika, lakini ni kiasi gani sijui mpaka leo maana niliziondoa pamoja na kishikio kwa mkupuo mmoja bila kupima kwanza, sasa siwezi kusema ni kipi kilikuwa na kosa lipi. Kosa kubwa ni kujaribu dira kwa upande mmoja. Nilikuwa na swichi mkononi, nilikuwa na taa inawaka, nilikuwa na digrii zangu 3 au 4 mbele ya macho, na nilikuwa na shahidi aliyeniambia kitu kamili, wakati gani na kimefanya nini. Nikamnyamazisha kwa sauti ya fundi. Lau ningeifungua boti nikaigeuza omo ielekee kaskazini, dakika 5, ningeliona palepale, na nahodha asingerudi na taa ile mara ya pili. Tena safari ya pili bahati tu ndiyo iliyomfanya awe na simu yenye chaji.

Mpwa wa nahodha simlaumu. Mafundi wengi tunafundishwa waya usiungue, usilegee, uwe na fyuzi. Kwamba njia unayopita waya ni jambo, na kwamba waya mbili zikitengana zinaacha uga wa sumaku kati yao, hilo hakuna anayekuambia mpaka siku boti ya mtu ielekee kwenye mwamba. Tangu hapo nimefungua dashibodi za boti 3 nyingine, na 1 nimekuta waya wa pampu ya maji umepita chini ya dira peke yake vilevile. Mwenyewe alikuwa haamini, nikamwambia elekeza omo kusini, upande wa Shela, washa pampu, tazama.

Spika za nahodha zimerudi kazini, ziko tezini, na taa kubwa sasa wanaizima wakishang'oa nanga, nyavu zinachambuliwa gatini. Rafadha mpya wamenunua. Kwenye nusu ya bei yake nilitia mkono.